Benchi la Wazee na Kile Kiti cha Ngazi Tatu

Vijana wangu wa Kasapa, ujumbe wenu nimeupata. Mjukuu wangu alinisomea mara mbili, kwa sababu miwani yangu iko kwa fundi na fundi yuko msibani. Mnauliza kanisa letu lilizaliwaje, mnataka kuandika kijitabu kwa ajili ya sikukuu. Halafu chini kabisa, kama mtu anayekumbuka kuomba chumvi akiwa tayari mlangoni, mmeongeza kwamba mnachanga ili kumnunulia moderata wetu kiti kipya cha ngozi, cha kuzunguka.

Nitajibu yote mawili pamoja, maana kwangu mimi ni swali moja. Tarehe na vifungu vya sheria ya kanisa muulizeni katibu. Mimi nilikuwa fundi wa mbao maisha yangu yote, na kanisa nimelijua kutokea chini, pale watu wanapokalia. Mchungaji anaona nyuso. Fundi wa mabenchi anajua nani mzito, nani hatulii, na nani huchora jina la mchumba wake kwa ufunguo wakati wa mahubiri. Mmoja wenu anajijua, na jina la binti huyo alilikosea.

Aliyenifundisha kazi ni Papa Mutombo, fundi mkuu wa atelie, yaani karakana, ya kanisa mama. Naliita kanisa mama kwa sababu ndilo lililotuzaa, na mama hatukanwi hata mkigombana. Papa Mutombo alikuwa mfupi, mkali, na kidole chake kimoja kilikuwa kimepunguzwa na msumeno wa mashine. Alikitumia kufundishia. "Unaona hii kidole?" aliuliza kila aliyekuja kuanza kazi. "Siku ile ilikuwa inawaza mambo ingine."

Benchi langu la kwanza nililitengeneza kwa mulombwa, ule mti mwekundu wa pori letu, mgumu na mzuri ukiwa mkavu. Wangu haukuwa mkavu. Nilimwambia Papa Mutombo umekauka kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimechoka kungoja. Jumapili moja ya Oktoba, joto limepanda, katikati ya sala ndefu, benchi likapasuka: paa! Mnajua mji wetu umesikia milio ya namna gani katika miaka yake. Kanisa zima lilikuwa sakafuni kabla ya Amina. Mchungaji aliendelea kuomba akiwa chini ya mimbari, na niseme kweli, sala ile ilikuwa na moto kuliko ilivyoanza. Papa Mutombo akanifuata nje baada ya ibada, nikajua leo nafukuzwa.

"Aksanti, Kalenga," akasema. "Leo bantu bote balipiga magoti."

Hakunifukuza. Kesho yake alinirudisha mwanzo kabisa, kwenye kuunganisha ubao na ubao. Unachonga ulimi kwenye ubao huu, unatoboa tundu kwenye ule, ulimi unaingia kwenye tundu. Mpaka hapo hata ninyi mnaweza. Kinachobaki ni kuuzuia usitoke, na njia zake ni mbili. Ya kwanza ni gundi. Ya pili ni kijiti cha mti mgumu kinachopigiliwa upande hadi upande, na tundu la kijiti unalipishanisha kidogo sana ili kijiti kikiingia kiuvute ulimi ndani. Ukikifanya vizuri, kiungo hakitikisiki hata akikalia mtu mwenye kilo za gunia. Nilimuuliza kama kijiti kina nguvu hivyo, gundi ni ya nini.

"Gundi ni ya kintu hautaki iachane hata siku moja," akanijibu. "Kijiti ni ya kintu utafungua siku ingine. Fundi anajua mbele ya kuanza."

Wekeni maneno hayo mfukoni.

Sasa, mbele ya kanisa mama, nyuma ya Meza ya Bwana, palikuwa na benchi la wazee. Papa Mutombo alilitengeneza mimi nikiwa bado sijamjua. Lilikuwa refu, halina mikono wala alama ya katikati, na mchungaji alikaa humo humo pamoja na wazee. Ninyi mliozaliwa ndani ya mambo haya mnayaona ya kawaida. Sisi Wapresbiteri hatuna mkuu anayekaa juu ya wengine. Waumini wanachagua wazee, wazee wanakaa na mchungaji, jambo linajadiliwa, mikono inanyooshwa. Anayeongoza kikao tunamwita moderata, na akimaliza zamu yake anampisha mwenzake. Benchi lile lilikuwa linasema hayo yote bila kufungua mdomo. Mtoto angeliangalia angeelewa.

Akaja kiongozi mmoja, ambaye sisi tulimwita Mukubwa, naye jina hilo lilimpendeza. Alianza vizuri, nisimnyime haki yake. Polepole akaanza kututumia wachungaji ambao hatukuwachagua. Katekisimu ikaachwa, watoto wakawa hawaulizwi tena. Mlangoni zikaonekana chupa za mafuta ya baraka. Baraza la wazee likawa linaitwa kusikia mambo yaliyokwisha kuamuliwa, na mwisho ikatangazwa kwamba yeye ataongoza mpaka mwisho wa uhai wake. Hatukupiga kelele. Tulikata rufaa kwa presbiteri, kisha kwa sinodi iliyo juu yake, kwa heshima, tumevaa suti na tai katika joto lile. Tulijibiwa na watu wale wale tuliokuwa tumewalalamikia.

Ndipo agizo likaja atelie: benchi la wazee litolewe, na mahali pake kiwekwe kiti kimoja kikubwa, chenye mikono iliyochongwa, juu ya jukwaa la ngazi tatu. Mimi wakati huo nilikuwa nimekwisha kuchaguliwa mzee wa kanisa. Nikaweka randa chini.

"Papa, ile kiti miye nakatala," nikamwambia Papa Mutombo. "Niko muzee wa kanisa. Siwezi kutengeneza kiti ya kutufukuza."

Yeye aliendelea kunoa patasi. "Fundi anatengeneza kintu banamuomba, mutoto wangu. Ukikatala bataita mwingine, na ataitengeneza mubaya."

"Bon, tengeneza. Lakini miye naenda."

Mke wangu, Mama Odile, alipopata habari hiyo aliendelea kusonga ugali mpaka ukaiva. "Umepoteza kazi juu ya kiti," akasema. "Kama ni kitanda, ningeelewa." Kisha akanipakulia sehemu kubwa kuliko ya siku zote.

Nilirudi atelie siku chache baadaye kuchukua vyombo vyangu. Kiti kilikuwa tayari, kimesimama katikati, na nakiri kwa uchungu kwamba kilikuwa kizuri. Papa Mutombo alinionyesha mahali mkono wa kiti unapokutana na mguu.

"Kuya, ushike hapa. Shika paka kidogo."

Alitaka nije nishike kidogo tu, nami nikamwambia mikono yangu imejaa. Ilikuwa imejaa kweli, nilikuwa nimebeba sanduku la vyombo, lakini sanduku lina tabia ya kukubali kuwekwa chini. Nikatoka, na hatukusemezana tena.

Jumapili iliyofuata Mukubwa alipanda ngazi zake tatu akakaa. Wazee tukaingia na Mchungaji Ngoie, mchungaji wetu mzee, mtu mwenye sauti ndogo na mgongo ulioharibika tangu zamani, tukakuta pa kukaa hapapo. Tukasimama. Tulisimama nyimbo zote, mahubiri yote na matangazo yote, na Mchungaji Ngoie naye akasimama, ameshika ukingo wa Meza ya Bwana. Baraka ilipokwisha tukatoka, tukaona nyuma yetu watu wanatoka pia, familia kwa familia, bila fujo. Wiki hiyo hiyo Mchungaji Ngoie alivuliwa kazi. Wenye kusema kwamba tuliasi, waambieni hatukuongeza kitu hata kimoja katika imani ya baba zetu. Tulibaki na katekisimu yetu, Zaburi zetu na mikono yetu ya kunyoosha. Walichohama wao, sisi tulibaki nacho, ila hatukuwa na paa.

Paa tulipewa na Papa Kambale. Yeye ni mtu wa Kivu ya Kaskazini, mfanyabiashara wa jumla, mwenye malori na depo kubwa ya kuhifadhia unga kule Makomeno. Alikuwa mwepesi wa kutoa na mwepesi wa kukasirika, na mara nyingi alifanya yote mawili kwa pumzi moja. Alitufungulia depo kila Jumapili, tukakaa juu ya mifuko ya unga. Biashara yake ikienda vizuri katikati ya wiki, Jumapili tunakosa viti. Ikienda vibaya, tunakaa raha mustarehe. Nadhani sisi ndio kanisa pekee lililowahi kuomba moyoni kwamba mwenye nyumba asiuze sana. Tukitoka pale, suti nyeusi zote zimekuwa nyeupe upande wa nyuma, na mji haukukawia kutupa jina: Kanisa la Unga. Watoto walituimbia barabarani. Wazee wengine waliona aibu. Mama Odile aliwauliza watoto mkate wao wa asubuhi umetoka wapi.

Nikaanza kutengeneza mabenchi. Hapa niwaambie vijana mnaotaka kazi ya mikono mambo mawili ambayo hamtayapata kwenye simu. Sakafu ya depo haijanyooka, kwa hiyo msihangaike kupima miguu ya benchi kwenye atelie. Ipeleke mirefu, uikatie pale pale benchi litakapoishi. Na kina mama wenye mtoto mgongoni hawawezi kuegemea, wanakaa mbele ya benchi kama ndege kwenye waya. Wafanyie ubao mpana, na usawa wa chini kidogo, wapande na kushuka bila kumwamsha mtoto. Siku hizi mnanunua viti vya plastiki, na mama akijisogeza mbele, kiti kinampindukia. Mnacheka, nami nawatazama tu.

Mabenchi yalikuwepo, lakini kanisa lilikuwa bado. Sikilizeni hapa, maana hapa ndipo tulipokaribia kufa. Kwetu mchungaji hajiweki mwenyewe, wala hawekwi na mtu mmoja. Anawekewa mikono na presbiteri, yaani wachungaji na wazee wa parokia kadhaa waliokutana. Sisi wa Makomeno tulikuwa na mchungaji mmoja tu, Ngoie, naye ni mgonjwa. Kasapa palikuwa na wanafunzi na walimu wachache, bila mchungaji. Mokambo, kule mpakani na Zambia, palikuwa na parokia nzima iliyotoka kama sisi, ikiwa na mchungaji wake, lakini wote pale walimsikiliza Mzee Chanda, mkulima, mtu wa maneno machache na kofia isiyomtoka. Mokambo wakija, tuna wachungaji wawili na parokia tatu, presbiteri inazaliwa, na makatekista wetu wawili wanawekewa mikono. Wasipokuja, siku Mchungaji Ngoie akizimika hakuna wa kubatiza wala wa kumega mkate. Tungebaki chama cha watu wanaoimba vizuri. Na mimi nilikuwa nimempoteza Papa Mutombo, aliyekuwa baba yangu katika kazi, kwa ajili ya benchi. Kanisa likifa, nimempoteza bure. Hilo ndilo lililokuwa likinikosesha usingizi.

Mokambo walikubali kuja. Nikatengeneza benchi la wazee, refu, la mulombwa mkavu safari hii. Sikuliwekea egemeo. Niliona mtu wa Mungu anapaswa kukaa wima, na tena nilikuwa bado kijana wa mgongo, sikujua kinachozungumzwa.

Asubuhi ya mkutano nikafika depo, nikakuta nini? Kichwani mwa meza, kando ya benchi langu, kimewekwa kiti cha sebuleni kwa Papa Kambale, cha kitambaa chekundu na vifungo vya dhahabu, kimejaa sponji. Juu yake amekaa Mchungaji Ngoie, mpole, amezama nusu. Kabla hatujasema neno, lori la Mokambo likasimama nje. Mzee Chanda akaingia, akavua kofia. Akatazama benchi, akatazama kiti. Akavaa kofia, akatoka, na wenzake wote wakamfuata.

Nilimkimbilia. Alikuwa amekaa kwenye kikanyagio cha lori.

"Tulitoka kule juu ya kiti," akasema. "Munatuita huku tukute kiti ingine? Ile ilikuwa na ngazi tatu, hii iko na sponji. Ni moja paka."

Papa Kambale akasikia. "Miye nilileta kwa roho muzuri!" akapaza sauti kutoka mlangoni. "Pasta mugongo inamuluma! Munataka tumuue juu ya ubao? Kama depo yangu haibapendeze, mukutane kwenye barabara!"

Nyani haoni kundule, vijana. Tulikuwa tumesimama ibada nzima kwa sababu ya kiti cha mtu mwingine, na cha kwetu tulikuwa tumekibeba kwa mikono yetu, tukakiweka mahali pale pale, wala hakuna aliyestuka. Aibu ilinishika mpaka masikioni.

Wakati wale wawili wanarushiana maneno, Mchungaji Ngoie aliinuka kwenye kiti chake chekundu. Alitembea mpaka kwenye benchi langu akakaa katikati ya wazee wa Kasapa, wima, bila pa kuegemea. Jasho likaanza kumtoka. Akajaribu kutabasamu na tabasamu likamshinda, akashika magoti kwa mikono yote miwili. Mzee Chanda alikuwa anamwona kupitia mlangoni. Papa Kambale naye akamtazama. Chanda alikuwa na haki, na Kambale alikuwa na haki, na sikujua kama kuna shida mbaya kuliko hiyo.

Sijui maneno yalinitoka wapi. "Mugongo moja ikiuma," nikasema, "tuweke egemeo kwa bote. Munipe paka mbao na kidogo ya saa."

Mzee Chanda akainua kichwa. "Kwa bote?"

"Kwa bote, Muzee. Kipimo moja, na ubao moja."

Tatizo likawa mbao. Mulombwa wote ulikuwa umekwisha kwenye benchi lenyewe, na ubao mbichi mnajua ulinifanyia nini. Papa Kambale alikuwa bado anapumua kwa hasira. Akageuka akatazama lori lake lililosimama uani, lenye mbao za pembeni zilizokaushwa na jua la barabara miaka na miaka. "Fungua ule ubao," akamwambia shofa, dereva wake. Shofa akauliza ubao gani, na lori linaondoka kesho. "Ule! Itaondoka na mbao tatu!"

Kazi ile ndiyo kazi niliyoifanya kwa furaha kuliko zote. Egemeo lisimame wima sana, linasukuma mbele. Lilale sana, mtu anasinzia wakati wa hesabu za kanisa. Kwa hiyo sikupima kwa rula. Nilimwomba Mzee Chanda ashike ubao nyuma ya mgongo wa Mchungaji Ngoie, na mchungaji aseme.

"Kidogo nyuma," mchungaji akasema. "Kidogo tena. Rudisha. Hapo... hapo, Muzee. Aksanti."

Na Mzee Chanda akabaki amesimama hivyo, ameshika, hatikisiki, mpaka nilipochora alama zote. Tulipomaliza ndipo alipogundua kwamba yumo ndani ya depo na kofia yake iko juu ya mfuko wa unga. Hakuna aliyemtania. Niliunganisha ndimi na matundu, na kila mahali nikapaka gundi, gundi nyingi, kisha skrubu kuishikilia ikikauka. Niliwaomba wazee wasijitupe siku hiyo. Ubao wa lori ulikuwa bado na rangi yake kwa nyuma, herufi kubwa za njano ambazo shofa alikuwa amezichora: TUTAFIKA. Papa Kambale alitaka niifute. Wazee wakanyoosha mikono kwamba ibaki, na huo ndio uamuzi wa kwanza wa presbiteri yetu. Mwulizeni katibu kama ameuandika.

Kiti chekundu kilirudi sebuleni. Wote wakakaa kwenye benchi, wa Makomeno, wa Kasapa na wa Mokambo, na mchungaji wa Mokambo akachaguliwa moderata. Alasiri hiyo makatekista wetu wawili wakapiga magoti mbele ya meza. Wachungaji na wazee wakawazunguka, wakaweka mikono juu ya vichwa vyao. Sasa kumbukeni tulikuwa tumesogeza mifuko tangu asubuhi kupata nafasi. Mikono ilipoinuliwa, wachungaji wetu wapya walikuwa na vichwa vyeupe pe, alama za vidole zinaonekana moja moja. Mmoja wa wale waliokuwa wakitucheka mtaani alikuwa dirishani, akapiga kelele: "Kanisa la Unga!" Na watu wote wa ndani, badala ya kuona aibu, wakashangilia. Kina mama walipiga vigelegele mpaka vumbi likashuka kwenye mabati. Tukaimba Zaburi bila kinanda, kwa sababu kinanda kilibaki kule, na hata leo nikiikumbuka nywele zinasimama. Tulikuwa kanisa. Mchungaji Ngoie aliegemea ubao akafumba macho, analia na kucheka.

Aliishi miaka mingine kadhaa, akaweka mikono juu ya wengi. Depo ikatuwia ndogo. Leo mnayo majengo ya matofali, mna parokia ambazo mimi sijazifikia, na benchi lile liko Makomeno mbele ya macho yenu kila mnapokuja.

Papa Mutombo alifariki akiwa bado kanisa mama. Nilienda kumzika, nikatupa udongo kama wengine, moyo wangu ukiwa bado umefungwa.

Naye Mukubwa akapita, kama wote tunavyopita, na kule wakarudisha baraza la wazee. Hatujaungana nao. Lakini mwaka huu, msimu wa baridi ulipoanza, pikapu ilisimama mbele ya atelie ambayo sasa ni ya mwanangu. Wakashuka wazee wawili wa kanisa mama. Nyuma, kimefungwa kwa kamba, kilikuwa kile kiti pamoja na jukwaa lake.

"Papa Kalenga," mmoja akasema, "tunataka benchi ya bazee, sawa yenu. Tulifikiri mbao za hii zinaweza kusaidia."

Mwanangu akawasha msumeno wa umeme. Nikamwambia azime. Sijui kwa nini niliweka mkono wangu mahali pale pale, pale mkono wa kiti unapokutana na mguu, ambapo niliambiwa nishike paka kidogo. Vidole vikakuta kichwa cha kijiti, laini. Upande wa pili, ncha ya kijiti kile kile ilikuwa imetokeza. Nikaomba nyundo ya mti na kipande cha chuma chembamba. Nikagonga mara moja. Kijiti kikatoka, mkono wa kiti ukaachana na mguu, ukabaki kiganjani mwangu. Ulimi ulikuwa mkavu na safi kama ulichongwa jana. Nikagonga kiungo cha pili, na cha tatu. Katika kiti kizima, na jukwaa na ngazi zake tatu, hamkuwa na tone la gundi.

Kintu utafungua siku ingine. Fundi anajua mbele ya kuanza.

Nililia mbele ya wageni, na sikujificha. Miaka yote ile nilidhani nilimwacha mwalimu wangu upande wa pili. Kumbe alikuwa ametengeneza alichoombwa, akakitengeneza vizuri, na akakitengeneza kwa ajili ya siku hii. Wale wazee wawili walinishika mabega, wakidhani mzee ameugua.

Benchi la kanisa mama nililitengeneza mwenyewe, mwanangu akinisaidia kubeba. Mbao zote ni za kiti kile, na kila kiungo nimekipaka gundi. Jumapili walipolizindua walinialika. Wazee wao wakakaa, wakajaa, mimi nikawa nimesimama pembeni na fimbo yangu. Moderata wao akanitazama, akamgusa jirani yake, benchi zima likasogea.

"Papa, kala," akasema.

Nikakaa, nikaegemea, na tukatosha sote.

Basi kijitabu chenu andikeni. Na kuhusu kile kiti cha ngozi cha kuzunguka: kama moderata wetu mgongo unamuuma, mleteni atelie. Aje na wazee wenzake wote, niwapime.